Ukurasa wa Sifa wa Mboko

Jumatatu, 4 Mei

Nimeamka saa kumi na moja na nusu. Chai ya rangi, kiporo cha wali. Kabla ya kwenda kazini nimefanya kazi ya Kamusi kwa saa nzima. Ukurasa wa kikundi cha Tanga ulikuwa na makosa kumi na manne. Nimeyaondoa yote. Hakuna atakayejua.

Kamusi ya Vikaragosi iko mtandaoni. Tunaiandika sisi wapenzi tu, bila mshahara. Wanasesere wa kuvaa mkononi, wa nyuzi, wa vijiti, kila onyesho lililowahi kuchezwa Afrika Mashariki tunataka liwe na ukurasa wake. Tuko watano. Hatujawahi kuonana. Pazia ndiye msimamizi. Kidole Gumba ndiye ninayeandikiana naye zaidi, mwaka wa tatu sasa. Mimi ni Binti Ujiji. Wanadhani mimi ni kikongwe. Nina miaka thelathini na mbili.

Kazini Mwanga, hapa Kigoma mjini, steshenari. Nimechapa kadi za harusi, barua za kuomba kazi, mtihani wa darasa la sita. Nimezungumza na watu kumi na mmoja, wote kuhusu karatasi. Nimerudi nyumbani Gungu, nimefunga mlango.

Alhamisi, 7 Mei

Mtu ameingia kwenye ukurasa wangu.

Ukurasa wangu ni wa Mzee Amisi. Nilikuwa darasa la saba, mwaka ule Wakongo walipovuka ziwa kukimbia vita. Mkimbizi mmoja alikuwa na vikaragosi viwili vya vibuyu, akivichezesha nyuma ya shuka, Ujiji, Mwanga, hata ufukweni. Bwana Tumbo anamtafuta mkewe. Mkewe anachomoza nyuma yake. Akigeuka, hayupo. Watoto tunapiga kelele: nyuma yako. Sijacheka vile tena maishani. Ukurasa huo nimeuandika wote kwa kumbukumbu, na ndio ninaoupenda kuliko zote.

Huyu mtu hana akaunti, anaonekana kwa namba tu. Amefuta jina la mke, Bibi Mashavu, akaweka Sifa. Hakusema kwa nini. Nimelirudisha. Baada ya nusu saa, Sifa tena. Nimelirudisha. Mara ya tatu nimemwandikia: "Usiharibu kazi za watu."

Nilikuwa na hasira. Nimemwomba Pazia aufunge ukurasa.

Jumamosi, 9 Mei

Pazia ameufunga. Lakini alipoingia kuufunga aliusoma. Ameona hakuna chanzo hata kimoja. Hakuna kitabu, hakuna gazeti, hakuna picha. Kanuni ni kanuni: siku kumi na nne za majadiliano na kura. Bila chanzo, utafutwa.

Nimemwita mwenyewe. Upumbavu wangu.

Jumanne, 12 Mei

Kidole Gumba amepiga kura. Futa. Sababu yake: "Kumbukumbu ya mtu mmoja si chanzo."

Mama alipofariki alinitumia ujumbe mrefu. Nimeutunza hadi leo. Nilidhani ni rafiki. Pengine ni mtu anayeandika vizuri tu.

Sijala mchana. Mvua ndogo, ya mwisho mwisho.

Ijumaa, 15 Mei

Baada ya swala nimekwenda Ujiji kwa mjomba Hamisi. Anamkumbuka Mzee Amisi. Jirani yake naye anamkumbuka. Muuza kahawa anamkumbuka, tena akaigiza sauti ya Bwana Tumbo, tukacheka. Wote wanakumbuka. Hakuna aliyepiga picha. Nani alikuwa na kamera kipindi kile, anasema mjomba. Kuhusu jina la mke, mmoja alisema Mashavu, mwingine alisema hakumbuki, alikuwa na mashavu makubwa basi.

Njiani nimepita uwanja wa mpira. Umejaa Warundi, magodoro, masufuria, watoto. Wamevuka wiki hii. Mabasi yanawachukua kuwapeleka makambini. Nimesimama kidogo nje. Sikujua la kufanya na mikono yangu. Nimeondoka.

Mjomba aliuliza nitaolewa lini. Nilijua atauliza.

Jumatatu, 18 Mei

Nimeomba ruhusa asubuhi, nimekwenda shule yangu ya zamani. Mlinzi ni Muha mzee, kanisalimu kwa Kiha, mwakeye, kaniuliza nina mtoto hapa. Hapana. Karani amenisikiliza kama ninauliza habari za mizimu. Ila alikuwa na moyo mzuri. Akanifungulia stoo.

Madaftari ya kumbukumbu za shule. Mwalimu mkuu alikuwa akiandika kila siku mistari miwili, mitatu. Panya wamekula pembe. Nimesoma kuanzia saa tatu hadi saa saba, nimekaa juu ya dawati bovu.

Nimepata. Nanakili hapa kama ilivyo:

"Leo saa nne wanafunzi wote walitazama vikaragosi vya Bw. Amisi, mkimbizi kutoka Kongo. Mchezo: Sifa wa Mboko Yuko Wapi. Watoto walicheka sana. Utulivu wa kuridhisha."

Sifa.

Nimeusoma mstari huo mara nyingi, nikitumaini labda ni mwandiko mbaya. Si mwandiko mbaya. Mwalimu mkuu aliandika kama amechonga. Mashavu ni jina letu watoto, tulilitunga sisi. Yule asiye na jina alikuwa sahihi, mimi nimemwita mharibifu mbele ya watu wote.

Nimepiga picha ukurasa wa daftari. Furaha sikuwa nayo.

Jumanne, 19 Mei

Nimepeleka picha kwa Pazia. Amejibu: "Chanzo kizuri. Tutaona kura."

Ukurasa bado umefungwa, ila sehemu ya majadiliano iko wazi. Nimeandika pale: "Wewe uliyeandika Sifa, ulisema kweli. Nilikosea, nisamehe. Kama unamfahamu Mzee Amisi, tafadhali niandikie." Nimeandika na kufuta mara sita kabla ya kutuma. Nimekuwa nikichungulia simu siku nzima. Bosi ameona.

Alhamisi, 21 Mei

Amejibu. Mistari miwili.

"Ni baba yangu. Sikujua pa kuandika sababu." Na namba ya simu.

Nimenakili namba, nikaifuta haraka isionekane na kila mtu. Nikapiga. Miaka mitatu ya Kamusi, sauti ya kwanza kuisikia. Anaitwa Riziki. Bado yuko kambini, tangu mwaka ule. Mzee Amisi alifariki miaka ya nyuma. Vikaragosi viliungua nyumba ya jirani iliposhika moto. Hana kitu cha kunionyesha. Alinunua simu, akaandika jina la baba yake kuona kama dunia inamjua. Akaupata ukurasa wangu.

Jumamosi ana kibali cha kumleta shangazi yake hospitali hapa mjini. Nikamwomba tuonane. Akasema Kibirizi, bandari ndogo ya boti, kwa sababu akija Kigoma lazima afike Kibirizi. Sikuuliza kwa nini.

Jumamosi, 23 Mei

Naandika yote kabla sijasahau.

Nilifika Kibirizi saa mbili asubuhi. Dagaa wameanikwa kila mahali, wapagazi wanapiga kelele njia, njia. Sikujua nitamtambuaje. Nikaona mwanamke, umri wake miaka mitatu minne chini yangu, anatoka boti moja kwenda nyingine, zile zilizotoka ng'ambo. Anainama, anauliza, anashukuru, anaendelea. Nikangoja amalize. Boti nne.

Akanifuata yeye. "Wewe ndiye Ujiji?"

Nikasema ndimi. Nikasema, "Dada, nisamehe yale niliyokuandikia."

"Yaliniuma," akasema. "Nilisema, hata huku nafukuzwa." Halafu akaniomba tukae.

Tulikaa kwa mama ntilie, chai na vitumbua. Nikamwuliza anawauliza nini watu wa boti. Akanitazama kama vile ninatania.

"Mama," akasema. "Sifa wa Mboko. Si jina la mchezo, dada. Ni mama yangu."

Usiku wa kukimbia Mboko, kwao kule ng'ambo, walipanda boti mbili. Ya baba na Riziki ilifika. Ile nyingine hawakuisikia tena. Baba yake alitafuta kambini, hakuna. Akapata kibali cha kutembeza mchezo. Alikuwa fundi seremala, vikaragosi alijifunza kwa babu yake. Akatunga mchezo mmoja tu, na ndani yake akaweka swali: "Nani amemwona Sifa wa Mboko?" Aliliuliza mbele ya kila umati.

"Na mimi alinikalisha mbele kabisa, nivipe mgongo vikaragosi. Kazi yangu kutazama nyuso za watu. Jina likitajwa, nione nani ameshtuka."

Nikamkumbuka. Nimemkumbuka palepale, kikombe mkononi. Kitoto cha kike kimekaa kinyume na watu wote, hakicheki. Nilidhani kimekosa akili.

Nikamwambia kweli, kwamba nilikuwa mstari wa kwanza, nilipiga kelele nyuma yako mpaka sauti ikakauka. Tulikuwa tunacheka, na yeye alikuwa anauliza kweli.

"Alitaka mcheke," Riziki akasema. "Watoto wakicheka sana, watu wazima wanakuja kuona kuna nini. Msipocheka anakasirika siku nzima."

Nikauliza kama kuna aliyewahi kushtuka.

"Mara moja. Sokoni Mwanga. Mama mmoja alisimama, akaanza kulia. Nikamkimbilia, nikamshika nguo. Alikuwa Sifa mwingine, wa Fizi. Naye alikuwa anatafuta mume. Alisikia jina lake, akadhani ni yeye anayeulizwa. Baba akamwomba radhi. Siku ile hatukucheza tena."

Kisha akaeleza kwa nini alirudi mara tatu kubadilisha jina. Ukurasa unasomwa popote, hata ng'ambo, hata Ulaya walikopelekwa wengine. Ukisema Mashavu, hautamfikia mtu. Ukisema Sifa wa Mboko, huenda kuna atakayesoma. Baba yake alikufa akiamini mkewe yuko hai. Yeye mwenyewe haamini sana. "Lakini kuuliza siwezi kuacha," akasema. "Nikiacha mimi, nani atauliza?"

Saa sita alirudi hospitali kwa shangazi. Kibali chake kinaisha kesho. Nilimsindikiza mpaka kwenye bodaboda. Sikujua kama nimkumbatie. Yeye akanikumbatia.

Nyumbani nimeandika majadiliano yangu ya mwisho kabla kura haijafungwa. Nimeeleza kosa langu lote, bila kujipamba. Nimeomba kitu kimoja. Mkiufupisha ufupisheni, lakini jina libaki.

Jumapili, 24 Mei

Kura tatu kwa mbili. Ukurasa umebaki.

Pazia ameukata. Alichoacha ni kile kinachothibitishwa na daftari la shule tu. Mistari minne. Kuchomoza nyuma, kelele zetu, shuka, vibuyu, vyote vimeondoka. Simulizi ya Riziki nayo haikuingia, ni ya familia, haina chanzo. Nilijua. Bado imeniuma. Ukurasa nilioupenda kuliko zote sasa unasomwa kwa pumzi moja.

Lakini kichwa chake ni Sifa wa Mboko Yuko Wapi.

Kidole Gumba hakubadilisha kura yake. Ameniandikia hongera. Sijamjibu. Sina hasira naye.

Nimempigia Riziki, yuko kwenye gari anarudi. "Jina lipo?" Lipo. "Basi, dada."

Jumatano, 27 Mei

Kazi nyingi. Nyumbani kimya. Nimeufungua ukurasa asubuhi, mchana, jioni. Hakuna aliyeandika chochote kwenye majadiliano.

Jumapili, 31 Mei

Hakuna.

Kaka amepiga kutoka Mwanza. Dakika mbili, watoto wanapiga kelele nyuma yake. Nilitaka kumsimulia yote. Nikasema mimi mzima, kazi inaendelea.

Alhamisi, 4 Juni

Riziki amepiga. Vibali vimebanwa kwa sababu ya wageni wapya kutoka Burundi, hajui atakuja Kigoma lini tena. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida.

Hakuniomba kitu. Baada ya kumaliza nilikaa kitandani na viatu vyangu miguuni mpaka maji ya chai yakakauka sufuriani.

Jumapili, 7 Juni

Nimekwenda Kibirizi asubuhi, peke yangu. Jua kali, upepo kidogo. Boti za ng'ambo zilikuwa mbili. Niliona haya, nikazunguka kwanza nikijifanya nanunua dagaa.

Boti ya kwanza, vijana. Nikawauliza kama wanamfahamu Sifa wa Mboko, mtu mzima sasa, mumewe alikuwa fundi Amisi. Hawamfahamu. Ya pili kulikuwa na mama mnene amekaa juu ya madumu ya mawese. Alifikiri kweli, macho ameyafumba. Akasema anawajua akina Sifa watatu, huyo hayumo, ila ataulizia. Akataka kujua ni nani yangu.

Nikasema ni mama wa rafiki yangu.

Akasema wanarudi tena Jumapili ijayo. Nimemwandikia jina kwenye karatasi, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

Nimerudi Gungu kwa miguu. Nimefua. Nimepika dagaa, nusu nimeiweka ya kesho.