Namba Iliyo Kwenye Jiwe

Turwa, Tarime

Dada Luciana,

Shikamoo. Mimi na mwanangu Neema tu wazima, na mahindi yameanza kubeba.

Siku hizi nanoa tindo za wachimba dhahabu kwenye karakana ya mzee Nyangwine. Jana alileta jiwe jipya la kunolea, akataka nilifunge palepale. Nikasoma maandishi yake: lisizidi mizunguko elfu mbili kwa dakika. Mota yetu inazunguka karibu elfu tatu. Nikakataa.

"Msukuma, wewe mwoga!" akafoka, wateja wakacheka.

Nikamwambia tufunge puli ndogo, lile gurudumu la kupitisha mkanda, kwenye mota na nyingine, kubwa mara mbili yake, kwenye jiwe. Mwendo utashuka nusu. Leo asubuhi kaja na puli mwenyewe, na chapati za moto. Jiwe linazunguka vizuri mno.

Umeuliza mbona kwenye picha nimevaa miwani nyeusi. Kule Mugumu, kwenye karakana ya kwanza, jiwe lilipasuka kwa mwendo uliozidi, nimesimama mbele yake, likaondoka na jicho la kushoto. Mama usimwambie.

La kulia ni zima, dada. Ndilo lililosoma namba ile.

Mdogo wako,
Mboje