Mtani Aliponionya Nikacheka

Tabora

Mama yangu,

Shikamoo. Na hii nyingine ni ile shikamoo ambayo simu iliikata juzi kabla hujaiitikia, kwa hiyo nakudai marahaba mbili. Hujambo lakini? Goti linakuruhusu kusali umesimama, au bado unasalia kwenye kigoda? Na shamba la mlau, lile la baada ya mafuriko, mwaka huu likoje, maji yalipoondoka yamekuachia tope au yamekuachia mchanga mtupu? Nguruwe wamekuonea huruma? Kila nikipakua wali mawazo yanaruka mpaka Mtunda. Mchele wa huku ni mchele, sikatai, ila haunukii mpaka jirani akaja kuuliza mnapika nini.

Sisi ni wazima, Alhamdulillahi. Baba Nasri mzima, yuko njiani na lori la watu la mpunga. Mie mzima, vitumbua vyangu vinaisha kabla jua halijapanda. Na mume wako Nasri ni mzima kabisa, mama, anakula, anakimbia, anapigana na kuku wa watu. Zaina mdogo wangu, hapo msomee mama mara mbili, halafu uendelee taratibu, usiruke maneno kama unavyoruka ukiwa na haraka ya kwenda kwenye tamthilia.

Najua habari iliyokufikia. Baba Nasri alimpigia kaka Mfaume kutoka hospitali na mtandao ulikuwa unakatikakatika. Kaka akasikia "mtoto", akasikia "sumu", akasikia "Mama Kulwa", basi, kwa vipande hivyo akajishonea nguo yake mwenyewe. Kufika jioni, sokoni Kibiti wanajua wote kwamba mjukuu wako kalishwa sumu na jirani Mnyamwezi. Lo! Mama, sivyo ilivyokuwa, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Maneno haya ni marefu, simu ingeyala nusu.

Nianze na ua. Tulipopata yale makochi, Baba Nasri akawa haishi kuiangalia sebule yake. Siku moja akarudi na chungu chenye ua, kanunua kwa wale vijana wanaopitisha maua kwenye toroli. Majani mapana kama ya magimbi, kijani chenye madoa meupe kama mtu kayanyunyizia tui, na shina nene lenye pingili. Nikalipenda, mama, siwezi kukuficha. Nikaliweka chini pembeni ya televisheni, kila Ijumaa nalifuta vumbi kwa kitambaa. Viganja vikiwasha nasema ni sabuni ya unga.

Sasa huyo Mama Kulwa. Tunapakana ukuta kwa ukuta. Ni mama wa pacha, Kulwa na Doto, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika barabarani. Na kwa kuwa yeye ni Mnyamwezi na mie mtu wa Pwani, unajua mwenyewe, tangu siku ya kwanza ni utani tu. Mie nikimwona kajitwisha ndoo namwuliza, "Mtani, huo mzigo wa babu yako bado hujaufikisha?" Naye akinikuta nimekaa kibarazani ananiambia, "Kaeni tu watu wa Pwani, kahawa haijawahi kumuua mtu, kazi ndiyo inaua." Ndiyo maisha yetu. Siku asiponitukana nadhani anaumwa.

Basi siku alipoliona lile ua alisimama mlangoni akashika kiuno. "Ala! Mrufiji wewe, umeona mamba wa mtoni hawakutoshi, umeamua kufuga nyoka sebuleni?"

Nikamjibu, "Wivu huo. Kwako ua lako ni jembe."

"Lipandishe juu, mtani. Hilo litamkata mtoto ulimi."

"Nilipandishe juu ili wewe uje uliibe vizuri?"

Tukacheka mpaka Doto akaja kuchungulia. Mama, unajua mambo ya watani. Mtani akikuambia nyumba yako inaungua, unamwuliza kama amekuja kuota moto. Yule mwanamke alikuwa ananiambia kweli tupu, na kwa sababu aliniambia huku anacheka, mie nikaiweka kwenye fungu la utani. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Nasri alikuwa ndiyo kwanza karudi kutoka kwako. Kule ulimmenyea miwa akatafuna mpaka tumbo likavimba, akaja huku anaamka na kuuliza muwa, analala na kuuliza muwa. Usije ukajilaumu, nakujua wewe. Muwa haukumfanya kitu. Ila mtoto kaliona lile shina, lina pingili, lina maji, urefu wa kumtosha yeye. Ungekuwa wewe ndiye Nasri ungefikiri nini?

Nilikuwa uani nakaanga vitumbua. Nikaona kimya. Nyumba yenye mtoto ikiwa kimya, kuna jambo. Nikaenda na upawa wangu mkononi, namkuta kakaa pembeni ya chungu, kalivunja shina, kipande kiko mkononi kina alama za meno. Kaniangalia, kafungua mdomo kulia, na sauti haitoki. Mama, mtoto analia na hakuna sauti! Udenda unamwagika mpaka kifuani, midomo inavimba naiona kwa macho yangu, ulimi umejaa mdomo mzima. Nikapiga ukelele ambao sijui niliutoa wapi.

Nikamwinamisha nikamtia kidole kooni atapike. Si ndivyo tulivyozoea, mtu kala kibaya atapishwe? Nikasikia mkono wangu umekamatwa. Mama Kulwa kashaingia, mlango wa uani kauacha wazi, kaitoa kanga ya mabegani kajifunga kiunoni. Akasema, "Siwema, toa kidole. Hapa hakuna utani." Tangu tujuane alikuwa hajawahi kuniita kwa jina langu. Nikautoa.

Akachukua kitambaa safi akakilowesha, akamfuta Nasri mdomoni, nyuzi za lile shina zikatoka, akafuta tena na tena. Akamsukutua kwa maji baridi, huku kamwinamisha yamwagike nje. Akamnawisha mikono, maana angeipeleka machoni, na ule utomvu ukiingia jichoni ni balaa jingine. Akatuma pacha wake mmoja alete maziwa ya baridi, akamnywesha kidogokidogo kwa kijiko, na wakati wote anamsikiliza anavyopumua. Mimi mzazi nimesimama tu, upawa bado ninao. Halafu akaokota kile kipande, akakifunga ndani ya gazeti, akanisukuma kwenye bajaji. Vitumbua viliungua vyote, Mungu ndiye anayejua nani alizima jiko.

Hospitali daktari alikuwa binti mdogo, mpole. Alipofungua lile gazeti tu akasema, "Ahsanteni kwa kuja nalo, mmeniokolea muda." Akanieleza kwamba ua lile lina utomvu wenye vitu kama vimiiba vidogo visivyoonekana, vinachoma ulimi na koo, ndiyo maana sauti ilipotea. Kumtapisha ni kukipandisha kile kile kije kimchome mara ya pili, tena anaweza kupaliwa. Hofu yake kubwa ilikuwa koo lisije likavimba likaziba pumzi. Kwa hiyo walimlaza wamwangalie.

Hapo ndipo nilipoijua njaa ya kusikia sauti ya mtu, mama. Kifua kinapanda, kinashuka, macho yananiangalia, maneno hakuna. Wewe unamjua Nasri, anaongea hata akiwa na chakula mdomoni. Nikasoma kila aya niliyoshikishwa chuoni, nikichanganya nikaanza upya. Mama Kulwa alikaa na mie pale pale benchi. Hakuniambia "nilikuambia". Mwanamke yule ana mdomo mpana kama mlango wa ghala, na neno hilo hakulisema, mpaka leo hajalisema. Alinisugua mgongo tu.

Asubuhi yake Nasri akafungua macho, akamtazama Mama Kulwa, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Maji." Nilimkumbatia yule mwanamke nikalia kwenye bega lake mpaka nesi akatuomba tupunguze sauti.

Kisha nikamwuliza alijuaje. Kumbe mtoto wa dada yake yalimpata hayo hayo, na wao walimtapisha, akapata taabu ndefu. Nami nikawaza kwetu. Sisi si watu wa kuchezewa na sumu ya shamba. Ndiga nani asiyeijua? Mwaka wa njaa tunaichimba porini, tunaikata vipande, tunailoweka kwenye maji yanayotembea siku na siku, na wewe huthubutu kuipika mpaka umeionja kwa ncha ya ulimi. Muhogo mchungu tunaujua. Lakini kitu cha dukani, kwenye chungu cha rangi, kilichokaa karibu na televisheni? Hicho hatukufundishwa kukiogopa. Tumezoea kwamba sumu iko porini, na ya nyumbani ni maua.

Baba Nasri alitukuta hospitali asubuhi ile; tuliporudi nyumbani alilichimbia lile ua shimo refu, kavaa mifuko mikononi, akalizika ili mbuzi wa watu wasije wakalitafuna. Alikuwa na huzuni kama anamzika shemeji yake. Daktari alisema si lazima kutupa maua yote, muhimu uyajue, na usiyoyajua yasikae mtoto anapofika. Baba Nasri akasema hataki kuyajua.

Sasa ndiyo nafika panapouma. Siku ya pili yake Mama Kulwa kaja na uji wa Nasri. Kaka Mfaume akapiga, mie mikono ina unga, nikaweka sauti ya nje. Hata salamu hakumaliza. "Huyo Mnyamwezi wenu nitamfuata huko huko! Mtoto arudi nyumbani, asikae na wachawi!" Nilikimbilia kuizima, nikachelewa. Mama Kulwa aliweka kikombe mezani polepole. Nikangoja anirudishie, aseme lolote, anitukane na Pwani yetu nzima. Akasema, "Leo sina la kukujibu, Mama Nasri," akaondoka.

Tangu hapo ananisalimia kama mgeni. "Habari za asubuhi." "Nzuri, za kwako." Basi. Nimemwuliza mara ngapi kuhusu mzigo wa babu yake, anatabasamu kwa adabu na kuingia ndani. Nimemwomba radhi kwa niaba yenu, anasema hakuna neno. Mama, mtani akikuambia hakuna neno, ujue neno lipo na ni kubwa.

Kaka yangu nampenda, alifanya hasira kwa ajili ya mtoto, hilo nalishukuru pia. Lakini mwambie fimbo ya mbali haiui nyoka. Aliyeua nyoka alikuwa karibu, kajifunga kanga kiunoni, na huyo ndiye kaka aliyemtukana.

Na Nasri simrudishi kwa sababu ya hofu, atakuja likizo kama kawaida. Ila kabla hajafika, nakuomba, wale watoto wasicheze duka chini ya mbono wa makaburini. Najua mbono ule ulipandwa na wazee, sikwambii uukate, hapana. Ziokotwe tu zile mbegu zinapodondoka, maana ukizimenya zina utamu kama karanga na mtoto hali moja. Na ule mnyaa wa ua wa kuku, matawi yanayoning'inia yapunguzwe, maziwa yake yasimrukie mtu machoni. Anayekata afumbe macho nusu na anawe vizuri.

Nisalimie Zaina anayesoma, mwambie nimemshonea gauni. Msalimie shangazi mwenye duka la mafuta ya taa, na mwalimu wangu wa chuo, mwambie aya zake zilinifaa. Msalimie wifi, mke wa kaka. Kaka mwenyewe nitamsalimia akishapiga simu anayotakiwa kupiga.

Nawe mama, Ijumaa baada ya sala nitaiweka simu mkononi mwa Mama Kulwa. Tafadhali usianze kwa utani, hata kama unajua ni mtani wako pia, hata kama yeye akikuchokoza. Mshukuru kwanza. Mwambie "ahsante, mwanangu", kwa mdomo wako, taratibu, asije akadhani unamtania.

Wako mtoto,
Siwema

Nasri amekaa mlangoni anapiga sufuria na kuimba wimbo usio na mwisho, mpaka mistari imepinda kama unavyoona. Zamani ningeshamwambia anyamaze.