Kompyuta ya Kuandikia Hati ya Bi Esha

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Taipureta imekufa. Ile ya Kiarabu, niliyokuja nayo kutoka Khartoum nilipomaliza masomo. Mkono wa herufi ya ain umekatika. Fundi wa Kibokoni kaniambia spea zake hazipatikani tena, labda nimtafute aliyeiunda. Akacheka peke yake.

Na kazi ya Bi Esha ndiyo kwanza nimeianza. Hati ya babu yake, imeandikwa kwa Kiarabu mwaka 1912, wino umefifia hadi umekuwa rangi ya chai. Kesi ni tarehe 26. Wakili wake, Lennox Gunga, ataka safu mbili — Kiarabu upande huu, Kiingereza upande huu — jaji aone kila neno limetoka wapi. Nikamwambia basi sina budi kununua kompyuta, tena ya kubeba, maana leo niko mahakamani, kesho Malindi, na ofisini kwangu stima hukatika karibu kila siku mchana.

"Nunua kama yetu tu, dada Dama," akasema. "Windows 95. Kila kitu kimo."

Na Kiarabu kimo? Akajibu kwamba Truphosa ataona. Truphosa ni karani wake, mtu mwema, lakini alif na be hazijui. Ataona nini? Miaka kumi na moja natafsiri hati za watu, na bado naambiwa karani ataona!

Alhamisi, 5 Septemba

Duka la kwanza, Barabara ya Nkrumah. Kiyoyozi, zulia, na kijana mwenye tai. Swali lake la kwanza: bosi wako ataka ya bei gani? Nikamwambia bosi ni mimi. Akaanza upya, lakini sasa akawa anasema polepole, kama anayezungumza na mgonjwa.

Nilikuwa na maswali yangu kwenye karatasi. Betri yakaa saa ngapi? Disketi yangu itasomwa na kompyuta za mawakili? Kiarabu? Hapo akachangamka. Akafungua orodha ya fonti, akachagua moja yenye mikunjo, akanisogezea mashine. Nikaandika neno moja tu — kitabu. Herufi zikatoka kushoto kwenda kulia, nyuma mbele, kila moja imesimama peke yake, kama watu waliogombana kwenye foleni.

"Si Kiarabu hicho?" akaniuliza.

Nikamwambia si Kiarabu. Si lugha yoyote. Akamwita mwenzake kutoka nyuma. Wakanong'ona. Nilisikia vizuri wakinisema: Mgiriama na Kiarabu, wapi na wapi.

Niwatolee shahada yangu ya Khartoum mkobani? Nimetembea mpaka nyumbani kwa miguu, jua kali, ili hasira zishuke. Hazijashuka.

Jumamosi, 7 Septemba

Leo afadhali. Duka la pili lauza kompyuta za aina ile nyingine, za Macintosh. Mwenye duka ni Janet, mama wa makamo kutoka bara. Akaniuliza kwanza kazi yangu ni ipi, ndipo akaniwashia mashine. Nikaandika bismillahi. Herufi zikatoka kulia, zikashikana, zikakaa kwenye mstari kama zilivyokaa kwa mwalimu wangu ubaoni. Nusura machozi yanitoke mbele ya mtu nisiyemjua.

Nikasema naitaka. Yeye mwenyewe ndiye aliyenizuia. Akanieleza bila kuficha: disketi zake mawakili hawataweza kuzifungua ila kwa shida, na ikiharibika itapelekwa Nairobi, mwezi mzima. "Nikikuuzia leo, wiki ijayo utanilaani," akasema. Nimempa mkono. Kumbe inawezekana kumuuzia mtu kitu bila kumdharau. Na hapa hata hakuniuzia.

Alasiri nikapita kwa Badawi, jirani yangu, anayekwenda Dubai kuleta mizigo. Asema huko zipo zenye Windows 95 ya Kiarabu. Kiarabu na Kiingereza pamoja, na kwenye vitufe herufi zote mbili zimechorwa. Menyu zenyewe ni za Kiarabu, ndiyo maana hapa watu hawazitaki. Mimi nazitaka. Betri saa mbili, labda na nusu. Nzito kidogo. Mawakili watasoma disketi? Badawi hakujua, na alisema hajui.

Nimeamua hiyo. Uzuri ile ya Janet inaishinda, lakini kazi yangu haiishii kwangu. Kuhusu disketi nitajilinda: kila hati nitaichapa mwenyewe kwenye karatasi, nitie sahihi, nipige muhuri. Disketi wakitaka wapewe, iwe nakala tu.

Alhamisi, 19 Septemba

Imefika. Nimeandika siku mbili mfululizo, mgongo waniuma, sijali.

Leo nimemaliza hati, nikaenda kumsomea Bi Esha chumbani kwake, mashine mapajani. Yeye ana miaka sabini na minne na amezaliwa chumba kile kile. Mpwawe ameiuza nyumba, na aliyenunua amtaka atoke. Babu aliandika wazi: binti yangu Fatuma na kizazi chake wakae chumba cha kusini na ukumbi wake, wasitolewe na mtu maadamu wako hai. Fatuma ndiye mamake Bi Esha. Mpwa hakupewa haki ya kuuvuka mstari huo. Kesi nzima iko kwenye neno moja, sukna, haki ya kukaa. Nimelitafsiri, nikaeleza chini kwa nini.

Bi Esha alinisikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Kisha: "Rudia hapo penye mama yangu." Nikarudia mara tatu.

Jioni nimempelekea Gunga kurasa saba, safi, nilizozichapa mwenyewe. Ukurasa wa mwisho una sahihi na muhuri. Akaomba na disketi, ya kuweka kwenye faili. Nikampa. Nikamwambia mbele ya Truphosa: hii msiichape, mashine yenu haisomi Kiarabu. Akasema haya.

Ijumaa, 27 Septemba



Jana kesi ilisikizwa. Mimi nilikuwa Malindi. Leo asubuhi Bi Esha amekuja mpaka kwangu, amepanda ngazi zote na magoti yale. Hakukaa.

"Mwanangu, wakili wa upande wa pili alikuja na ustadhi. Ustadhi katwaa karatasi zako, kaziangalia, kamwambia jaji hizi si maneno. Watu wakacheka. Nimekukosea nini?"

Sikuelewa. Nikaenda mbio kwa Gunga. Truphosa akanifungulia faili, hakunitazama. Kurasa sita za kwanza si zangu! Karatasi za ofisi yao, zenye jina la Gunga juu. Kiingereza sawa. Upande wa Kiarabu — herufi nyuma mbele, moja moja, hazishikani. Ile takataka niliyoiona dukani Barabara ya Nkrumah. Na nyuma yake, umebanwa kwa pini, ukurasa wangu wa saba. Sahihi yangu. Muhuri wangu.

Truphosa alieleza kwa sauti ya chini. Bosi alitaka kazi ionekane imetoka ofisini kwao. Truphosa alipofungua disketi aliona herufi za Kizungu zenye nukta nukta, akabadilisha fonti mpaka ikafanana na Kiarabu. Ikafanana! Lakini yeye sina la kumlaumu. Alimkumbusha bosi maneno yangu, akaambiwa achape.

Gunga alinipokea akiwa amekaa. Eti nani angejua, dada?

"Mimi nilijua. Nilikwambia. Nilikupa zilizochapwa."

"Kompyuta yetu ni ya juu kuliko yako," akasema. "Sikudhani ingeshindwa."

Ndivyo alivyosema. Mtu mzima, wakili. Hakudhani mashine yake ingeshindwa, kwa hivyo akaubandua muhuri wangu na kuubandika kwenye upuuzi. Nikamuuliza zangu ziko wapi, zile sita. Zilitupwa.

Jaji ameahirisha hadi Alhamisi ijayo, tafsiri iletwe upya pamoja na maelezo.

Jumapili, 29 Septemba

Nimechapa upya. Zote saba. Nimezisoma mara nne dhidi ya hati yenyewe.

Sokoni Marikiti leo ustadhi mmoja nisiyemjua amenisalimu kwa Kiarabu, polepole, herufi kwa herufi, na wenzake wakimtazama. Nikamjibu kwa sarufi kamili mpaka akatafuta njia ya kuondoka. Sikufurahi hata kidogo. Habari imeshaenea.

Jumanne, 1 Oktoba

Gunga ameniita. Ameandaa hati ya kiapo kwa jina langu: kwamba mimi Dama Kenga, mfasiri, nilikosea katika kuandika Kiarabu kwa kompyuta niliyokuwa sijaizoea, na naomba radhi. Nitie sahihi tu.

Nikamwuliza kama anayaamini aliyoyaandika. Akashusha sauti, akawa mpole, hata chai akaniagizia. Asema kosa likiwa la mfasiri, jaji atapokea tafsiri mpya na kesi itaendelea. Likiwa la wakili kubadilisha ushahidi wenye muhuri wa mtu, basi mambo mengine — yeye atashtakiwa kwa mawakili wenzake, na kesi huenda ikatupwa. "Mfikirie bibi wa watu. Atalala wapi?"

Hili ndilo laniunguza zaidi. Amemchukua Bi Esha akamsimamisha mbele yake kama ngao. Na huenda asemayo ni kweli. Nimeondoka na karatasi, sijasema ndiyo wala la. Chai sikuigusa.

Alhamisi, 3 Oktoba

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Naandika kwenye benchi, ukumbini mahakamani. Mashine iko miguuni, kurasa saba ziko mkobani. Bi Esha yuko kushoto kwangu. Gunga yuko ng'ambo, amevaa joho lake, amekwisha kuja mara mbili na kalamu mkononi. Nimemwambia angoje.

Bi Esha ameiona karatasi ya kiapo. "Na hiyo nayo yasemaje?" Ni ya Kiingereza. Kazi yangu ni kuwasomea watu karatasi wasizozisoma. Nikamsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno, hivyo hivyo, kwa sauti yangu ya mahakamani. Gunga akainuka.

Bi Esha akanigeukia. Kisha:

"Kwani wewe hukujua kuandika?"

"Najua."

"Basi huo uwongo ni wa nani?"

"Wa jina langu, Bi Esha. Ili wewe usitolewe chumbani."

Gunga ameingilia hapo: mama, haya ni mambo ya kisheria, hutayaelewa. Bi Esha akamjibu, adabu zote ziko pale pale.

"Bwana wakili, mimi nimekaa chumba kile miaka sabini na minne. Nimekaa kwa maneno ya babu yangu. Sikukaa kwa uwongo wa mtu. Mwambie jaji ni wewe."

Gunga akasema wanaweza kumtoa. Bi Esha akajibu kwamba yuwajua.

Bi Esha anajifunga buibui vizuri. Gunga amekaa kando yangu, amenyoosha mkono, ataka karatasi yake. Iko chini ya daftari hili, naandikia juu yake. Haina sahihi.

Mlango umefunguliwa. Karani wa mahakama ataja nambari yetu. Bi Esha ameshaondoka, bila kuningoja, amejishika ukutani, aenda. Gunga bado amekaa. Nafunga daftari, nimfuate Bi Esha.