Vikombe Ukutani kwa Mama

Mama yangu mpendwa,

Nyumba yako ipo. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, hata salamu zangu usingezisikiliza kabla ya kujua hilo. Ipo palepale juu ya mashamba ya chai, na watu wanaokwenda sokoni Ikonge bado wanasimama barabarani kuikodolea macho.

Lakini ilibaki kidogo. Wiki jana Ogeto, mwanao, alikuja na sururu.

Unakumbuka ilivyoanza? Uhuru ulikuwa bado mpya, chai ndiyo kwanza inaanza kuchumwa kwetu, nami sijafika darasa la pili. Kila mwanamke alitaka vikombe vya kauri vyenye maua. Tena wakavitumia kama vile vya bati walivyovizoea: chai ikipoa, kikombe kinabandikwa juu ya makaa. Paa! Jirani yetu Mama Kerubo alivunja vitatu kwa mwezi mmoja, akaja kwako analia, vipande amevifunga kwenye leso. Ulikuwa unakandika ukuta siku hiyo, udongo mwekundu hadi viwikoni. "Lete hapa," ukamwambia. "Kitu kizuri namna hii hakitupwi." Ukachukua kipande chenye ua la waridi, ukakikandamiza kando ya dirisha. Ukarudi nyuma hatua mbili, ukainamisha kichwa. "Eee. Kinataka mwenzake."

Wee, wenzake waliletwa! Kutoka kila boma. Ulivipanga kwa mistari, na katikati ukachora kwa udongo mweupe na majivu: ndege, migomba, jua lenye miguu. Kila mvua zikiisha tulikandika upya palipobanduka, mimi nikiponda udongo. Siku mzee wa kanisa alipokuja kukuonya kuhusu majivuno, nilidhani tumekwisha. Ulimsikiliza mpaka mwisho, ukampa ndizi, halafu ukamwonyesha mkono wa birika karibu na mlango. "Na huu je? Si wa birika la mkeo?" Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Mama, wewe ulikuwa hatari.

Kikombe chako tu ndicho ambacho hakikuvunjika, kile cha bluu. Juu ya mlango uliacha nafasi tupu, upana wa kiganja. Nilipouliza ukasema, "Hapo ni pa kikombe changu. Sina haraka." Nilipoolewa Birongo ukanifungia kikombe hicho kwenye leso, na ile nafasi ikabaki tupu mpaka tukakuzika.

Sasa Ogeto anataka nyumba ya mawe, yenye madirisha ya vioo, palepale ilipo yako. Nilimkuta amevua shati. Nikamwambia hii haibomolewi. Akanijibu, "Wewe ulishaolewa, Kemunto. Huna ukuta hapa."

Iliniuma, Mama. Iliniuma kwa sababu kwa desturi yetu hakukosea. Binti aliyeolewa hana kauli katika boma la babake. Lakini sikulia mbele yake, ng'o! Nilishuka kwa Mama Kerubo.

Alipanda na wanawake wenzake, wengine wameacha sufuria motoni. Hakugombana na mtu. Alisimama mbele ya sururu akasema, "Bomoa, mwanangu, nyumba ni yako. Ila nipe kwanza ua langu la pale dirishani. Likiwa zima." Mwingine akataka kisahani chake. Mwingine akataka mdomo wa birika. Ogeto akachukua kisu akaanza kulichokoa lile ua. Alichokoa mpaka jasho likamtiririka, na ua halikutoka. Ulijua kukandika, wewe! Mwishowe akatupa kisu, akaketi chini. "Huyu mama," akasema, akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Hata siku ya mazishi hakuwa amelia. Nyumba yake ya mawe sasa ataijenga kule chini, kando ya migomba.

Jana nilirudi na kikombe chako. Kabatini kwangu hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, hata mume wangu. Nikakoka moto jikoni kwako, nikakibandika juu ya makaa, nikangoja. Paa! Nilikaa chini nikalia, maana nimekukumbuka sana, na hilo sioni haya kulisema. Halafu nikaponda udongo.

Ogeto ndiye aliyenishikia kiti nikapanda. Nilipomaliza kukandamiza vile vipande vya bluu, nikashuka, nikarudi nyuma hatua mbili.

"Sasa Mama amepata mahali pake," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Kikombe alikupa wewe. Hapo ni pako, dada."

Lala salama, Mama. Udongo umekauka vizuri, haukupasuka.

Mimi bintiyo uliyemwoza Birongo, mwenye ukuta Ikonge,
Kemunto