Ulijibu Marahaba

Bura,

Nimekukasirikia, na kufa kwako hakujanipunguzia hasira. Wenzetu wanakuombea upumzike kwa amani. Mimi bado.

Mwaka mzima sasa, hapa Rhotia naitwa yule aliyemkimbiza mwenzake mpaka akafa. Mama yako akiniona kwenye foleni ya sukari anageuza uso. Nimwambie nini? Kwamba mwanawe alikuwa mwongo?

Kwenye kikundi chetu cha mbio, kazi yangu ilikuwa kutangulia na kushika mwendo, ninyi mnifuate. Kanuni tuliipanga wote huku juu, kwenye ukungu wetu: naita "Saita!" kama tunavyosalimiana nyumbani, na kila mmoja anaitikia "Saita!" Akishindwa mmoja kuitikia kwa pumzi moja, wote tunapunguza. Ulicheka, ukasema nawachunga kama mbuzi.

Siku ile ya mbio za mchujo mgeni rasmi alichelewa, tukaanzishwa saa sita mchana, jua la utosi, kutoka Mto wa Mbu kuelekea Makuyuni. Niliwaambia tusahau mwendo wa kwetu Karatu kwenye baridi, huku chini kunaunguza, na kila penye ndoo tusimame tunywe. Wewe ukasukutua, ukatema. Eti maji yatakuchezea tumboni, na watakaochaguliwa kwenda Arusha ni wawili tu. Nilipoita, ulikuwa unabana pumzi kwanza ndipo unaitikia kwa sauti nzima. Sulle, aliyekuwa ubavuni mwako, aliniambia baada ya mazishi. Mshenzi wewe!

Halafu nikaita mara ya mwisho. Ukajibu, "Marahaba."

Tulicheka, Bura. Tulidhani unajifanya mzee anayepokea shikamoo. Mimi nilicheka kuliko wote, na sikugeuka. Hatua chache mbele nikasikia raba zako zinaburuta, kisha kishindo. Ngozi yako ilikuwa kavu, inachoma mkono. Akili ilikuwa imeshakutoka, na sisi tunacheka. Hili sijamwambia mama yako. Nakuchukia kwa kunidanganya, na najichukia kwa kicheko kile.

Jumamosi nashuka tena na wakimbiaji wapya. Siku hizi nageuka kila mara, nawatazama macho. Asiyekunywa haendelei. Atakayejibu ovyo namkalisha kivulini, hata kama anaongoza, anitukane apendavyo. Nikirudi nitapiga hodi kwa mama yako nimweleze yote, la kwako na la kwangu. Nakuahidi hilo, upende usipende.

Kwaheri. Pale ulipoanguka nitaita "Saita." Usithubutu kunijibu.

Qamara