Leso Nyeusi za Ramadhani

Geita

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, mayu. Natumaini mguu wako umepona na mvua imewakumbuka huko Kishapu. Mimi mwili mzima, ila moyo una jambo, na sina mwingine wa kumwambia.

Unajua nauza dukani hapa kambini, karibu na mgodi. Muuza duka hujua ya watu bila kuuliza. Mtu akianza kununua maziwa ya kopo, mkewe kajifungua. Akinunua chumvi tu, nyumbani kumeharibika.

Ramadhani, mchimbaji kutoka Tabora, alikuja kila Jumamosi: majani ya chai, sukari, sabuni, na peremende za bintiye Zena. Mwaka huu akaongeza tangawizi na asali. Nikadhani mafua. Halafu akataka leso. Nikampa nyeupe, akazirudisha.

"Nipe nyeusi."

Wiki mbili baadaye akataka nyingine, nyeusi vilevile. Nikaelewa anaficha damu.

"Kaka, nenda hospitali," nikamwambia.

"Wakijua nakohoa damu wataniachisha kazi, na nyumba ni ya mgodi. Nitampeleka wapi mama Zena? Nyamaza, Shija."

Nikanyamaza. Miezi mitatu, Mama, nampimia asali na kumfungia leso. Hadi siku moja akashika meza ya duka asianguke. Jioni ile nikamweleza nyapara wake, nikidhani watampeleka akatibiwe. Wakamwachisha kazi na kumtoa nyumbani. Alifia katika kibanda cha kuazima, akingoja lori la kwenda kwao. Tulimzika Ijumaa.

Jumatatu mkewe akaja dukani. Sikuweza kumtazama.

"Shija, ni wewe uliyemwambia nyapara?"

"Ni mimi, dada. Nisamehe."

"Ulijua tangu lini?"

Nikamwambia kweli. Akasema, "Zena naye anakohoa. Tulilala chumba kimoja wote watatu, baba na mwana wakanywa kikombe kimoja, nami sijui kitu. Mimi alinificha kwa kunihurumia. Wewe je? Miezi mitatu, Shija!"

Mama, nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa kwa kusema. Sikujiandaa kwa hilo.

Nilifunga duka, nikambeba Zena mgongoni hadi hospitali, mama yake nyuma yetu. Mtoto wa miaka mitano, mwepesi kama debe tupu. Wamemlaza. Naenda kumtazama kila siku, na mama yake hunipokea chakula ninachopeleka, lakini hasemi nami.

Nisalimie shangazi aliyenilea ulipougua, na mjomba na ng'ombe wake. Mwombeeni mtoto huyu.

Na wewe Masanja, mdogo wangu, unayemsomea Mama: uliniuliza kama mgodini kuna nafasi. Ipo moja. Ni ya Ramadhani. Baki ulime pamba.

Ni mimi mwanao,
Shija