Mafaili Niliyodhani Matupu

Chonyonyo, 9 Machi 1996

Kaka Fidele,

Shikamoo. Upepo umeangusha migomba sita, ila bibi hajambo.

Nimechoka, kaka. Jumamosi iliyopita kompyuta ya parokia, ile inayoendeshwa na programu ya Linux, yenye orodha ya ndugu waliopotea vitani na waliopatikana, ilijaa. Nikafuta mafaili yaliyoonekana matupu ili majina mapya yapate nafasi. Kumbe ni kupitia hayo mashine huifikia diski na printa. Ilikuwa bado inawaka, lakini ikizimwa isingewaka tena, na jenereta huzimwa saa sita mchana.

“Msomi wetu, umeiua?” Sista Placida aliuliza.

“Bado, Sista. Naomba jenereta isizimwe.”

Akamimina humo dizeli ya safari yake ya Kayanga. Nikayaunda mafaili upya moja moja, namba zake nikizisoma katika kitabu cha maelekezo ya mashine, hadi saa tisa. Tukaizima, tukaiwasha. Ikawaka.

Orodha imechapwa, kurasa arobaini. Nimeisoma mara mbili. Mama hayumo.

Bibi nimemwambia mashine bado mbovu. Ukimwandikia, tafadhali usinisute.

Mdogo wako,
Immaculata